Mori Hupandishwa, Lakini Nani Anaushusha?

Katika viwanja vya vumbi hapa Dodoma, vya shule na vya mitaani, ambako upepo wa mwezi wa nane huupeleka mpira kokote unakotaka, maneno ya mwisho ambayo mchezaji huyasikia kabla ya kipenga ni yale yale: "Nendeni mkafie uwanjani!" Niliyasikia nilipokuwa beki wa timu ya shule, na ningali nayasikia leo nikiwa mtazamaji. Maoni yangu ni kwamba wengi wa makocha wetu wameshika nusu tu ya kazi hii, kwa sababu wanajua kumpandisha mchezaji mori lakini hawana habari na namna ya kuushusha.

Mori una faida yake, wala sibishi. Adrenalini, homoni ya msisimko, inapomwagika katika damu, moyo huenda mbio, misuli hupata damu zaidi, na mtu akaweza kuruka juu kuliko alivyoruka mazoezini. Hata hivyo, tangu mwaka 1908 Yerkes na Dodson, wanasaikolojia wa Marekani waliowajaribu panya kwa mishtuko ya umeme, walionyesha kwamba kadiri kazi inavyokuwa ngumu, ndivyo kichocheo kikali kinavyozidi kuharibu. Panya wale, bila shaka, hawakuwa na mashabiki wa kuwazomea, na mimi huwa na wasiwasi kidogo ninapoona somo la panya likihamishiwa moja kwa moja kwa mshambuliaji. Kinachonishawishi zaidi ni kazi ya Yuri Hanin, Mrusi aliyechunguza wanamichezo wenyewe na kusisitiza kwamba kila mmoja ana kiwango chake cha msisimko ambacho ndani yake hufanya vizuri. Yupo anayecheza vyema akiwa amechemka, na yupo anayehitaji kukaa kimya pembeni akifunga kamba za viatu. Kuwapigia wote kelele moja ni sawa na kuwapa wagonjwa wote wa zahanati dawa ya malaria.

Kazi zenyewe pia hazifanani. Mnyanyua vyuma anaweza kujipiga makofi na kunguruma, lakini mlenga shabaha akifanya hivyo mkono utamtetemeka. Kiungo wa kati aliyepandwa na munkari huona mpira na adui aliye mbele yake basi, huku winga akipunga mkono bila ya kuonwa, kwa kuwa msisimko unapozidi, upeo wa macho na wa akili hufinyika.

Wasiwasi nao nimeujua kwa gharama yangu. Katika nusu fainali moja ya shule iliyoamuliwa kwa penalti, kocha alinishika mabega akaniambia kwamba nikikosa nisirudi benchi. Ni mita 11 tu kutoka nukta hadi golini, na mpira huo nilikuwa nimeupiga mamia ya mara. Siku hiyo, badala ya kupiga, nilianza kufikiri: mguu wa kushoto ukae wapi, kifundo nikikaze vipi, mwili niulaze kiasi gani. Mpira ulipita juu ya mwamba. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ustadi ambao mwili umekwisha kuuzoea huvurugika pale mtu anapoanza kuusimamia hatua kwa hatua, na hofu ndiyo inayomsukuma kuusimamia.

Kuhusu ubabe, tunachanganya mambo mawili. Kumkabili mtu kwa nguvu ili kuuchukua mpira ni sehemu ya mchezo, lakini kumuumiza kwa sababu amekutukana ni jazba. Tofauti hiyo ilimshinda hata Zinedine Zidane, nyota wa soka wa Ufaransa, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Berlin mwaka 2006, alipompiga Marco Materazzi wa Italia kichwa kifuani katika dakika ya 110, akatolewa kwa kadi nyekundu, na Ufaransa ikaenda kwenye penalti bila yeye na kushindwa. Hakuna anayeweza kusema kwamba Zidane alikosa mori.

Huku kwetu kanda ya kati tuna mfano wa upande wa pili. Alphonce Simbu wa Singida alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani pale pale kwenye utepe, wote wakiandikiwa saa 2:09:48, wakitenganishwa na sekunde 0.03. Anayeanza mbio ya kilomita 42 akiwa amechemka habaki na cha kuchomoa katika mita za mwisho.

Juzi nilimwona mwalimu mmoja wa netiboli akifanya jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye benchi la soka letu. Mfungaji wake, ambaye kanuni humpa sekunde 3 tu za kushika mpira, alikuwa amekosa mara mbili mfululizo na mikono ilikuwa ikimtetemeka. Wakati wa mapumziko mwalimu hakupaza sauti. Alimwita kando, akamwambia, "Mwanangu, vuta pumzi, itoe polepole, kisha uniambie ukingo wa ringi una rangi gani." Binti alicheka, akajibu kwamba una kutu.

Aliporudi uwanjani alikuwa bado anacheka.