Nilipandisha Linux, sasa ankara naandika kwa mkono

Kompyuta yangu ilikuwa nzima, haina hata mafua. Juzi usiku ikaniletea kile kidirisha chake: toleo jipya la Linux, mfumo unaoiendesha, liko tayari, unataka kupandisha? Nami kwa kiherehere changu nikabonyeza ndiyo. Bando lote la wiki likaishia humo.

Asubuhi inawaka vizuri, picha mpya kwenye skrini na madoido yote. Naendesha skripti yangu, kiprogramu cha kutengeneza ankara za wateja, niliyoiandika mwenyewe miaka minne iliyopita. Jibu: hakuna moduli inayoitwa distutils. Kumbe toleo jipya limekuja na Python 3.12, lugha niliyoandikia skripti, na humo distutils, kifurushi cha zamani kilichokuwa kinakuja nayo, imeondolewa kabisa. Haya, ukweli usemwe, walianza kuonya tangu 3.10, mwaka 2021. Lakini maonyo yenyewe yanapita kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, mbio kama daladala iliyojaa. Nani anayasoma?

Nikasema basi niweke setuptools, kifurushi kinachobeba distutils ndani yake, kwa pip, ile zana ya kusakinishia vifurushi vya Python, mambo yaishe. Pip nayo ikagoma: mazingira haya yanasimamiwa na mfumo, katengeneze yako pembeni. Kwenye kompyuta niliyoinunua mimi! Zile hazina za programu za nje nilizoziongeza nazo zimezimwa zote wakati wa kupandisha, kwa hiyo hata kihariri changu cha picha kimebaki cha zamani na hakifunguki. Printa? Usiniulize.

Saa nne mteja anapiga: "Kaka, ile ankara vipi?" Nikachukua daftari na kalamu.