Nje Salama, Ndani Wakili Chini

Jengo lenyewe liko kitongoji cha kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, ghorofa mbili za ofisi. Chini kuna daktari wa meno na wakala wa bima. Juu kuna wakili ambaye mkate wake unatoka kwa watu walioteleza wakavunjika nyonga. Umesoma sawasawa. Katika wapangaji wote wa Minnesota, sisi watu wa barafu, tunaolipwa kuondoa theluji na utelezi majengoni, tukaangukiwa na huyo, na dirisha lake linatazama maegesho.

Tulikuwa watatu. Mzee, Mkisii aliyeanza kusukuma theluji wengine tukiwa bado shule ya msingi. Shemeji, kaka wa mke wangu, ametoka Tanga juzijuzi. Na mimi mshika daftari. Daftari la barafu lina heshima yake: saa ya kufika, joto la hewa, joto la lami, dawa gani ya kuyeyusha barafu imemwagwa, kiasi gani, na picha. Mtu akianguka ndiyo hayo utakayoulizwa. Kwamba ulijitahidi sana, hakuna anayeuliza.

Chanzo cha balaa ni mahali pa kulundika theluji. Mzee alitaka iende upande wa chini wa maegesho, jirani na mtaro. Meneja wa jengo akakataa, kule ndiko wateja wanakopenda kuegesha; akaagiza ipelekwe kona ya juu. Mzee akamweleza taratibu: mchana jua linapiga lile lundo, na hata hewa ikiwa chini kidogo ya sifuri linachuruzika. Maji yanateremka juu ya lami kutafuta mtaro, jua likizama yanagandia njiani, tena yanakuwa barafu nyembamba isiyoonekana. Meneja akajibu kwamba anayelipa ni yeye. Hapo hakusema uongo.

"Kijana, andika," Mzee akaniambia. "Kona ya juu. Ameagiza mwenyewe."

Basi bwana, alfajiri iliyofuata hewa nyuzi −23 za Selsiasi. Nikaielekeza chini ile bunduki ya kupimia joto, lami ikasoma −19. Namba ya kutazama ni hiyo ya lami, ya hewa ni ya watangazaji. Na kwa −19 chumvi ya mawe, ile dawa ya kawaida ya barafu, haina kazi. Ukomo wake wa maana ni lami ya −9 hivi. Ni kweli maji yenye chumvi asilimia 23.3 hayagandi mpaka karibu −21, lakini hayo ni maji ambayo chumvi imekwisha kuyeyuka ndani yake. Punje kavu juu ya barafu kavu haina pa kuanzia. Inakaa tu kama mchele kwenye sufuria isiyotiwa maji.

Meneja akaona chumvi imelala, akahukumu kwamba ni kidogo. "Ongezeni!" Kiasi kinachofaa ni kikombe kikubwa cha kahawa, mililita 350, kwa vipande kumi vya zege vya njia ya miguu, punje zikiachana bila kugusana. Yeye alitaka mfuko mzima wa kilo 23 kwenye njia ambayo ingetosheka na vikombe viwili. Na chumvi hiyo haipotei: inaingia mtaroni, mtaro unaingia ziwani, na kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua lita 19 za maji. Samaki wa Minnesota hawajatukosea.

"Andika," akasema Mzee.

Tukiwa katika mabishano hayo, Shemeji katoweka. Alipotokea alikuwa na ndoo inayofuka mvuke, kaichota kwenye chumba cha usafi.

"Shikamoo Mzee! Nimepata dawa."

Kabla Mzee hajafika "marahaba", ndoo ilikuwa tupu. Barafu ikalainika kwa muda unaotosha mtu kutabasamu. Kisha yale maji yakajaza vishimo na mikwaruzo yote, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa inashika soli za viatu, yakaganda bapa. Shemeji akainama kukagua kazi yake, akajiona sura.

"Andika," akasema Mzee. "Maji moto, ndoo moja. Matokeo: kioo."

Ikabidi mchanga. Mchanga hauyeyushi kitu, kazi yake ni kukwaruza tu, na ukifunikwa na theluji mpya umekwisha. Wetu ulikuwa umechanganywa na chumvi kidogo ili usigande ndani ya pipa. Wa jengo la jirani haukuchanganywa. Tuliwasikia wakiupiga nyundo.

Ndipo Meneja akarudi kutoka dukani, uso unang'aa, na ndoo ya kloridi ya kalsiamu. Sasa hii ni dawa kwelikweli. Inafanya kazi hata kwenye −25, kwa sababu inavuta unyevu yenyewe kutoka hewani na inatoa joto inapoyeyuka. Lakini inatiwa kwa mkono wa uchoyo, pungufu kuliko chumvi, na mlangoni kabisa ndipo pa kubania zaidi. Meneja hakungoja mtu. Akajichotea kwa koleo, ndoo nzima ikaishia hatua chache mbele ya mlango. Barafu ikatatarika, ikaachia, zege likaonekana. Akatutazama kwa zamu, mmoja mmoja.

Kilichofuata kilihitaji dakika chache tu. Kitu kinachovuta unyevu hewani hakiachi kuvuta kwa sababu kimepanda kwenye soli ya kiatu. Chumvi ya kawaida ikiingia ndani hukauka ikawa unga mweupe wa kufagia. Kloridi ya kalsiamu hubaki majimaji, utando wenye utelezi wa mafuta, tena haukauki. Zulia la mlangoni ndilo lingeokoa, ila liwe na mita tatu mpaka nne na nusu, kila mguu ukanyage mara kadhaa kabla ya kufika sakafuni. La pale lilikuwa mita moja na nusu, limeandikwa Karibu.

Wa kwanza kuserereka alikuwa mleta barua, akadaka meza ya mapokezi. Wa pili mgonjwa wa meno, ambaye alikuwa ameshika shavu, akashika na ukuta. Halafu wakili akashuka na kamera. Akatoka nje, akatembea maegesho yote akipiga picha mchanga wetu, hatua imara, sura imejaa masikitiko: hakuna kesi. Akageuka, akapita kwenye ile dawa ya Meneja na viatu vyake vya ngozi, akavuka zulia kwa hatua mbili, akakanyaga marumaru.

Hakuumia. Akiwa bado chini akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi yake ya kazi akampa Meneja. Nadhani ni mazoea.

"Andika," akanong'ona Mzee. "Ndani. Si eneo letu."

Kusafisha tukasaidia hata hivyo. Unaanza kufagia punje kavu kule nje, la sivyo unadeki bure. Ndani unatumia maji ya vuguvugu yenye siki, mililita 120 kwa lita nne, na maji unayabadilisha mara kwa mara, vinginevyo unahamisha utando kutoka kona hii kwenda ile. Siki ni ya vigae vya kuchoma tu. Ikigusa marumaru ya jiwe halisi inaila, nasi tulishukuru kwamba yale "marumaru" Meneja aliyokuwa akijisifia yalikuwa vigae.

Mpaka saa nne jengo zima linanuka siki. Msaidizi wa daktari wa meno akachungulia mlangoni kuuliza nani analeta chakula.

"Kachumbari, dada," Shemeji akamjibu, hajaacha kudeki. "Chumvi tumeshatia. Nyingi."