Ushuru sifuri, na bado gunia la dagaa linakwama

Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, halihitaji mtaalamu wa kulieleza faida ya soko la nje. Wanunuzi wa Rwanda, Burundi na Kongo wakiwepo, dagaa wana bei. Wasipotokea, mzigo unalala, bei inashuka, na hasara inarudi mpaka mwaloni kwa mvuvi aliyekesha na karabai. Kwa hiyo katika ubishi wa mikataba ya biashara huria, kati ya wanaosema inaleta neema na wanaosema inaua viwanda vya ndani, mimi naanzia upande wa wanaoitetea. Ila nadhani pande zote mbili zinautazama sana ushuru, wakati kwa watu wa ziwani tatizo lilishahama.

Chukua sangara. Miaka ya 1990 minofu kutoka viwanda vya Mwanza iliingia Ulaya bila ushuru, chini ya mkataba wa Lomé, uliozipa nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki nafuu ya kuuza Ulaya. Mwaka 1999, baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu ziwani, Umoja wa Ulaya ulifunga mlango. Ushuru ulikuwa sifuri na samaki hawakuuzika. Kilichofungua mlango tena ni ukaguzi: usafi wa mialo samaki wanakoshushwa, udhibiti wa viwanda, vipimo. Leo minofu haisafiri bila kupimwa, na maabara ya taifa ya ubora wa samaki iko hapa hapa Nyegezi.

Mwenye kiwanda ameuzoea mfumo huo. Ana wakala wa forodha, ana mtu wa kushughulikia vibali. Mama wa dagaa ana simu na daftari. Kwake dagaa wa Tanzania wanaoingia nchi jirani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hawadaiwi ushuru wa forodha, mradi athibitishe kwamba ni wa Tanzania. Hapo kwenye kuthibitisha ndipo faida ya mkataba inapopatikana au kupotea. Jumuiya iliweka cheti rahisi cha uasilia kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ili mfanyabiashara mdogo asilazimike kulipa wakala. Anayekijua anapita nacho. Asiyekijua humwachia mtu wa kati mzigo pamoja na sehemu kubwa ya faida, au hupita njia za panya, ambako akinyang'anywa hana pa kulalamika.

Wanaopinga mikataba wana hoja nzito moja ambayo siwezi kuipuuza: wanaosaini hawalingani nguvu. Waandishi wa Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki walilijua hilo. Ulipoanza mwaka 2005, bidhaa za Tanzania na Uganda ziliingia Kenya bila ushuru papo hapo, lakini bidhaa za Kenya zilizohofiwa kumeza viwanda vya majirani ziliendelea kutozwa ushuru uliopungua mwaka hadi mwaka, ukaisha 2010. Huo ndio uandishi wa mkataba ninaouheshimu.

Na ndiyo maana naona Tanzania ilikuwa na haki kusita mwaka 2016 ilipokataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Sisi, kama nchi yenye maendeleo madogo, bidhaa zetu zilikuwa tayari zinaingia Ulaya bila ushuru. Sangara wa Mwanza hakupoteza kitu. Kenya haimo katika kundi hilo, maua yake yangetozwa, na mwishowe ilisaini mkataba wake yenyewe Desemba 2023. Nchi mbili zinazopakana ziwani, karatasi ileile, hesabu mbili tofauti, na kila moja ilikuwa sahihi kwa upande wake.

Kinachoniuma zaidi ni makubaliano yanayotobolewa na waliosaini. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa mchele wa kutoka nje ni asilimia 75, lakini Kenya imeruhusiwa kwa miaka mingi kutoza asilimia 35. Mkulima wa mpunga wa Kwimba au Misungwi anayeitazamia Nairobi anakutana na mchele wa Pakistan ulioingizwa kwa nafuu. Nasi si watakatifu: mwaka 2017 serikali yetu iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya.

Kuna gharama nyingine inayobaki nyumbani. Bei ya nje inapopanda, bei ya sokoni Kirumba hupanda nayo, na dagaa ndio kitoweo cha asiyemudu nyama. Minofu ya sangara husafiri, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki kuliwa mitaani. Sioni kwamba dawa ni kufunga mpaka, kwa sababu atakayeumia kwanza ni mvuvi. Lakini anayehesabu faida ya mauzo ya nje lazima ahesabu na sufuria hizo.

Sasa tunaelekezwa kwenye Eneo Huru la Biashara Barani Afrika, lililosainiwa na nchi 54, ambalo linataka asilimia 90 ya aina za bidhaa zifutiwe ushuru. Naliunga mkono. Ombi langu kwa wanaolisimamia ni dogo: wekeni dawati pale Mwaloni, pembeni ya mizani, ambapo mama anaweza kupimiwa dagaa wake na kupewa cheti cha uasilia kabla lori halijafungwa turubai.