Msiache faili za IFO mnaponakili DVD, jamani!

Hii tabia ya kunakili diski za harusi nusunusu inakera sana. Mteja wa Kondele amelipia DVD yenye menyu safi: kanisani, ukumbini, kukata keki. Akiomba nakala kwenye flashi, anapewa faili za VOB pekee, yaani zile zenye picha na sauti. Akizifungua kwa Kodi, ile programu ya kuchezea video, menyu inapita kama video ya kawaida, vitufe havibonyezeki, na sherehe imekatwa vipande vya GB 1.

Lazima iwe hivyo! Faili ndogo za IFO ndizo zinazoiambia programu sura ipi ianzie wapi na nini kifuate. Nakili folda ya VIDEO_TS nzima, pamoja na BUP (nakala za akiba za IFO), kisha ufungue VIDEO_TS.IFO. Afadhali zaidi uitoe kama ISO moja, yaani faili moja yenye diski nzima, ila flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili ya zaidi ya GB 4, kwa hivyo ifomatiwe exFAT kwanza. Ukigeuza kuwa MP4, menyu imekufa. Mteja aambiwe mapema, kabla hajalipa.

Blu-ray nayo ni kesi nyingine. Menyu zake nyingi zimeandikwa kwa lugha ya programu ya Java, na Kodi kwenye kompyuta isiyo na Java haitazionyesha hata ubadilishe mipangilio yote.