Mlango wa Baba Mwenye Nyumba

Jamani, mtu mzima na ndevu zangu nimelala siku nne nyuma ya pazia. Na hilo pazia liko mlangoni. Pazia la maua, la mke wangu la Idi, ndilo lililokuwa linatulinda na vibaka wa Mbagala nzima.

Nililipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 80,000 kwa mwezi, na mwezi mmoja juu wa dalali, ambaye kazi yake yote ilikuwa kunyoosha kidole: "Chumba kile kule." Mwezi wa tatu haujaisha, baba mwenye nyumba huyo na kanzu yake, alfajiri.

"Kijana, mwezi ujao 120,000. Maisha yamepanda."

"Shikamoo baba. Hayo maisha si ndiyo haya haya ninayoishi na mimi?"

"Ukishindwa, mlango ulioingilia ndio wa kutokea."

Jioni narudi kibaruani, huo mlango wenyewe haupo! Eti kaupeleka kwa fundi, unaliwa na mchwa. Mlango wa bati.

Huyu ni baba ambaye hata kodi ya jengo lake namlipia mimi. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ilianza na 1,000 kwa mwezi. Kodi ni ya mwenye jengo, sote tunajua. Haya, nenda kamdai. Niliwahi kumdai. Akaniuliza kama umeme situmii. Na Luku yenyewe moja, wapangaji watano: shangazi wa chumba cha pili ana friji, pasi na jiko la umeme, mimi nina taa na chaja, halafu tunachanga sawasawa kama msiba.

Basi nikaenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti akauliza mkataba. Nikatoa karatasi ya daftari la mwanangu, maana siku ile dalali hakuwa na karatasi. Mbele mkataba, nyuma hesabu za kuzidisha, kapata mbili ya kumi. Mwenyekiti akaanza kusoma nyuma.

"Stakabadhi?"

"Baba alisema sisi ni ndugu."

Akaguna, akanielekeza kwa binti mmoja msaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Bure! Nilishazoea kulipia hata kuonyeshwa choo.

Binti akaniambia ile sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Hakuna wa kumpangia mwenye nyumba bei. Ninacholindwa nacho ni mkataba. Nikakitazama kile kikaratasi, roho ikaniuma: wakili wangu ana mbili ya kumi.

"Kinatosha," akasema. "Miezi sita imeandikwa, bei imeandikwa, saini yake hii. Mpaka iishe hapandishi. Akitaka kukutoa aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, asije na bisibisi. Na ukilipa tena, lipa kwa simu, ujumbe ubaki." Akasema tungeweza kuanzia Baraza la Kata, ila siku hizi kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Akaandika barua fupi, nikaipeleka mwenyewe, magoti yakigongana.

Baba akaisoma mara mbili. Hakusema neno. Kesho yake narudi, mlango upo! Nikaita mke, tukaufunga, tukaufungua, tukaufunga tena. Kidogo ulikuwa mfupi, chini panya anapita amesimama, lakini ni mlango. Kilichonitatiza ni maandishi ya chaki kwa ndani: "MWAGA MAJI UKIMALIZA."

Pazia letu la maua sasa liko chooni. Nyumba nzima imeninunia. Halina komeo, kwa hiyo ukiingia inabidi uimbe, watu wajue kuna mtu. Shangazi anaimba kaswida. Mimi wimbo wa taifa, ubeti wa kwanza tu, nina haraka.

Jana usiku nimemsikia baba mwenyewe humo ndani. Sauti anayo.