Ujumbe usio na tarehe msiniletee

Wiki iliyopita jirani yangu alipanda pikipiki hadi Kalehe kumfuata mtoto ambaye si wake. Kuna sauti ilikuwa imezunguka katika magrupu yote ya WhatsApp hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo: "Jamani, kijana anaitwa Bahati amepatikana, yuko kwa watu wa kanisa huku Kalehe, wazazi wake wako Bukavu, tuma kwa wengine." Mama huyu ana Bahati wake, aliyekwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya Numbi na ambaye simu yake haipatikani. Akakopa pesa, akatoka alfajiri, akaulizia kanisa baada ya kanisa. Jioni ndipo alipokutana na mzee mmoja aliyeitambua ile sauti. Mama, hii ni ya mwaka 2023, ya yale mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi. Kijana huyo wenyewe walishamchukua zamani.

Nilikasirika nikakosa wa kumkasirikia. Aliyerekodi hajulikani, aliyemtumia aliyetutumia hajulikani, na kila aliyebonyeza alijiona Msamaria Mwema.

Wale wanaotunga uongo kwa makusudi tuwaache leo, wana siku yao. Mimi nagombana na watu wema. Wale wenye huruma ya kidole, ambao wakisikia neno "mtoto" hawasubiri hata sauti iishe. Huruma yao imemgharimu mama wa watu deni ambalo hakuna hata mmoja wao atakayelilipa.

Foni ya parokia, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali, haikuwa hivyo. Mliokulia huku kabla simu za mkononi hazijaingia mnaikumbuka: ukitaka habari za mtu wako aliye Shabunda, unakwenda kwenye foni. Waya mrefu kati ya miti miwili, betri ya gari chini ya meza, redio ya Codan iliyochakaa, na papa mmoja, yaani baba wa makamo, mwenye daftari. Daftari hilo ndilo ninalolililia. Aliandika jina lako, jina la unayemtafuta, anakaa kwa nani, siku na saa. Kisha alikusomea alichoandika kabla hajabonyeza kitu. Ukisikia kosa unamshika mkono: papa, si Mushagalusa, ni Mushamuka. Anafuta, anaandika upya. Na mwenzake wa upande wa pili naye alilazimika kusoma yote aliyopokea, neno kwa neno, ndipo papa aweke alama kwenye ukurasa.

Ndiyo, alitoza pesa. Ndiyo, wote mliokaa kwenye benchi mlisikia kwamba shemeji wa fulani anadaiwa mbuzi, na kabla ya Jumapili kartie nzima, mtaa wote, ilijua. Siri haikuwepo. Sitabisha.

Lakini habari ilifika ikiwa nzima.

Nimekuwa nikisoma habari za watu wa redio ya ridhaa, wale wanaofanya kazi hiyohiyo bila kulipwa, na nimegundua kwamba kile papa alichokifanya kwa akili yake, wao wamekifanya sheria. Mwaka 1914 bwana mmoja wa Hartford, Marekani, Hiram Percy Maxim, alitaka kupeleka ujumbe kwa redio hadi Springfield, mji wa jirani tu. Mtambo wake haukufika. Akamwomba mwenzake wa Windsor Locks, katikati ya njia, aupokee na kuusukuma mbele. Mwaka huohuo alianzisha chama cha kupokezana ujumbe, ARRL, ambacho kipo hadi leo, na mwaka 1949 chama hicho kikaunda mfumo wa nchi nzima wa kusafirisha ujumbe kutoka kituo hadi kituo. Watu wa kawaida: fundi, mwalimu, mstaafu, kila mmoja na waya wake nyumbani.

Na wana fomu. Siku ya kwanza niliiangalia nikacheka, nikasema hawa Wazungu na makaratasi yao. Sasa sicheki. Juu kabisa kuna namba ya ujumbe, kiwango cha uharaka, kituo ulikotoka, hesabu ya maneno, mahali, saa na tarehe. Halafu anwani ya mpokeaji. Halafu maneno yenyewe, ambayo kwa kawaida hayazidi 25. Mwisho, jina la aliyetuma. Fomu hiyo haibadiliki hata ujumbe ukipita mikono sita. Anayepokezana haruhusiwi kufupisha, kufafanua, kusahihisha sarufi, wala kuongeza "Mungu awabariki."

Hesabu ya maneno ndiyo iliyoniteka. Tuseme mtu yuko Minova anataka kupeleka hili:

NIMEFIKA MINOVA NA WATOTO WAWILI X AMANI HAKUFIKA X TUMA HABARI KWA PASTA

Hiyo X ni nukta, nayo inahesabiwa kama neno. Jumla 13. Mpeleka ujumbe anatangulia kusema: kumi na tatu. Mpokeaji anaandika, anahesabu, anapata kumi na mbili. Hapo hakuna kubahatisha, hakuna "nimekuelewa, endelea." Anasema: nina kumi na mbili, rudia kuanzia WATOTO. Na kumbe lililoanguka njiani ni WAWILI. Kwetu sisi lingeanguka na kupotea kabisa, na mama wa Bukavu angelala usiku kucha akijiuliza ni watoto wangapi kati ya wanne. Habari zetu zinasafiri kama sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, zilizopita mikono mitano kabla ya kufika soko la Kadutu: zinafika, ndiyo, lakini nani atakuapia kwamba ndizo zilizotoka ziwani?

Ila hapa nina ugomvi na hao Wamarekani pia, maana sheria yao imeshonwa kwa kipimo cha lugha yao. Kwao neno la kukana linasimama peke yake. Likianguka, hesabu inapungua na mtu anashtuka. Kwetu kukana kumefichwa ndani ya kitenzi. ALIFIKA na HAKUFIKA yote ni neno moja. Mawimbi yakikoroma kidogo tu mwanzoni mwa neno, mpokeaji ataandika AMANI ALIFIKA, atahesabu, atapata kumi na tatu sawasawa, na watu watachinja kuku kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtu ambaye hakuna anayejua alipo. Kwa hiyo atakayeuleta utaratibu huu kwetu asinakili kikasuku. Kila kitenzi cha kukana kifuatwe na neno HAPANA, nalo lihesabiwe: AMANI HAKUFIKA HAPANA. Ni Kiswahili kibaya? Kibaya sana. Mwalimu wangu wa shule ya msingi angenichapa. Ujumbe wa hatari hauandikwi ili kumfurahisha mwalimu.

Anwani nayo. Fomu yao ina nafasi ya namba ya nyumba na jina la barabara, jambo ambalo kwa mtu wa Cimpunda ni kichekesho. Sisi anwani yetu ni watu. "Mama Furaha, nyuma ya kanisa, pale wanapouza makala (makaa), uulize kwa shefu wa avenyu." Sawa, hiyo ndiyo iandikwe, yote, bila aibu. Na Bahati wangapi wako Kadutu? Rusha jiwe, litamwangukia Bahati, na likidunda litampata Amani. Jina moja si anwani. Weka jina la baba, la mama, kijiji cha asili, kanisa analosali. Jirani yangu angepewa jina la baba wa yule kijana, asingevuka hata Nyawera, hapahapa mjini.

Wana jambo jingine zuri: sentensi zilizopewa namba. Wakati wa maafa watu wote husema mambo yaleyale, basi waliyaandika kabisa, na redioni wanataja namba tu. Namba moja maana yake ni kwamba wote wako salama hapa, msiwe na wasiwasi. Namba mbili, ninarudi nyumbani haraka iwezekanavyo. Namba tatu, niko hospitali fulani, ninatunzwa vizuri. Anayefikisha ujumbe mlangoni anampa mwenyewe sentensi kamili, hampi namba. Kwa nini hatuna orodha yetu, ya Kiswahili na ya Mashi? "Tumelala njiani, sote wazima." "Nyumba imeanguka, watu hawakuumia hapana." Kwaya moja ya vijana ingeimaliza kazi hiyo mchana mmoja.

Si mchezo wa matajiri wenye muda. Kimbunga Maria kilipoilaza Puerto Rico mwaka 2017, watu 22 wa redio ya ridhaa walipelekwa kule kusaidiana na Msalaba Mwekundu wa Marekani, na kazi yao mojawapo ilikuwa kupeleka majina ya walionusurika ili ndugu zao wajue. Na mkutano wa kimataifa wa mawasiliano wa Geneva mwaka 2003 ulikubali kwamba vituo vya ridhaa vinaweza kupeleka ujumbe wa watu wengine kuvuka mipaka wakati wa maafa. Kwa watu wanaoishi Ruzizi, mto wa mpaka na Rwanda, ikiwa chini ya dirisha lao, hilo si jambo dogo.

Tena mitambo yenyewe si ya ajabu. Redio ndogo za walinzi zinagonga mlima na kufia hapo, lakini waya wa mita 20 kwenye megahezi 7 unarusha sauti juu angani, nayo inarudi chini ng'ambo ya milima, kilomita mia kadhaa, kwa betri ya volti 12 na sahani ya jua.

Najua mtakachoniambia. Wewe, leo hii, katika mji huu, utundike waya juu ya paa? Hapana. Sijachoka kuishi. Redio mkononi mwa raia wakati wa vita ni kesi, na kesi nyingine hazifiki mbele ya jaji. Kibali, alama ya wito (utambulisho wa kituo) inayoanza na 9Q ya Kongo, pesa za mtambo, ruhusa ya huyu na muhuri wa yule: yote hayo ni kweli na sina jibu. Ninaongeza na jingine ambalo hamkulitaja: watu wa ridhaa hawaruhusiwi kuficha maneno yao kwa mafumbo, kwa hiyo kila mwenye masikio anasikia. Ujumbe unaotaja njia ambayo watu wanakimbilia haufai kupita hapo hata kidogo.

Lakini daftari haliombi kibali. Januari 2025 Goma ilipozimika umeme na intaneti, sisi huku Bukavu tulikaa tukitazama alama moja ya kijivu chini ya ujumbe wetu, na mtandao uliporudi tulipokea nini? Furushi la sauti zisizo na mwenyewe. "Yule wa Himbi amekufa." Yule nani? Nani amesema? Lini? Watu waliweka msiba, wakautoa, wakauweka tena.

Wanaokaribia kunifurahisha ni wa Msalaba Mwekundu, na karatasi zao za habari za familia. Zinachelewa hadi unasahau uliuliza nini, ila zina jina la aliyeandika na jina la anayeandikiwa, na kijana wa kujitolea anatembea nazo hadi mlangoni. Na zina nafasi ya jibu! Hiyo ndiyo sehemu ambayo huruma ya kidole haiijui. Kwenye redio ya ridhaa, ujumbe ukishindikana kufika, anayeushika lazima amrudishie habari aliyeutuma: sikumpata, amehama, jirani zake hawamjui. Hautupwi njiani. Kati ya wote waliosukuma ile sauti ya Kalehe, kuna hata mmoja aliyerudi kuuliza kama Bahati amefika kwao?

Basi, kwa kuwa mimi ndiye admini wa grupu letu, nimebandika masharti juu: nani anatuma, kwa nani, kutoka wapi, siku gani, saa ngapi, maneno mangapi. Anayesukuma mbele aandike jina lake chini, na abaki na deni la jibu. Watu wawili wametoka siku hiyohiyo. Yaya mmoja, dada mkubwa wa grupu, ameniandikia faragha kwamba nimekuwa polisi wa sauti na kwamba moyo wangu ni mgumu. Sawa, yaya. Sauti isiyo na tarehe nitaendelea kuifuta, hata ikiwa inalia.