Tochi peke yake haitoshi

Mwandishi mmoja ametoa hoja kwamba dawa ya ajali za mabasi ni kuongeza tochi, yaani vile vipima mwendo vya trafiki, barabarani. Sikatai, lakini tochi inapima pale trafiki aliposimama tu. Sisi wa njia ya Dar–Mbeya tunaona kila safari: gari linalotoka mbele linawasha taa kuonya kuna trafiki, dereva wetu anapunguza mwendo hadi 50, akishavuka kijiji anakanyaga mafuta. VTS, kifaa cha kufuatilia mabasi cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), ndiyo inayomfuata njia nzima, na akizidisha mwendo inapiga kelele ndani ya basi. Katika safari yangu ya mwisho VTS ililia muda mrefu kabla ya Mikumi, abiria kimya. Mama mmoja tu alisimama: "Mwanangu, tuna watoto humu." Dereva akapunguza. Naomba taarifa za kifaa hicho zifanyiwe kazi basi likiwa bado njiani.